Jina Moja, Santuri Nyingi



Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza juma hili, kwa uchungu wa kweli, kama si kufuru kundi la muziki wa roki kuiita albamu yake "Requiem". Alikuwa akiwasema Korn wa Marekani, waliotoa albamu yenye jina hilo mwaka 2022.

Requiem ni neno la Kilatini, maana yake pumziko. Ndilo neno la kwanza la wimbo wa mwanzo katika Misa ya wafu, na Misa yenyewe ikaitwa kwa neno hilo. Mozart alifariki mwaka 1791 kabla ya kuimaliza ya kwake. Verdi alitoa yake mwaka 1874 kumkumbuka mwandishi Manzoni. Britten, mwaka 1962, aliyachanganya maneno ya Misa na mashairi ya askari aliyeuawa vitani. Kwa Korn maneno ya Misa hayamo. Limechukuliwa jina tu, pamoja na kivuli cha msiba kinachoandamana nalo. Kufuru siioni. Ninachokiona ni nyumba iliyobaki na kibao mlangoni, wenyewe wakiwa wamehama.

Lakini kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha "Missa Luba". Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, nchi ya Waswahili wenzetu wa Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliimbisha Misa ya Kilatini kwa sauti za Kiluba. Waimbaji walikuwa watoto wa shule na walimu wao, na walizibuni sauti hizo wakiimba, bila kuziandika. "Bwana utuhurumie" ilifuata kasala, wimbo wa maombolezo. "Mtakatifu" ilifuata wimbo wa kuagana. Santuri yao ilizunguka dunia. Kisha mwaka 1990 ikatoka albamu nyingine yenye jina hilohilo, ya Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga: kwaya ya watu wazima, sauti zilizopangwa kwa uangalifu. Binafsi naupenda zaidi ule ukali wa watoto wa Kamina, ingawa mwalimu wetu wa kwaya hakubaliani nami hata kidogo.

Angalieni mwaka: 1958. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza. Konstitusio juu ya Liturujia, ambayo katika namba 119 inataka muziki wa mataifa uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada, ilitolewa mwaka 1963.

Nayasema haya kwa sababu hapa Mbalizi tuna shauri ambalo halijaisha. Baadhi ya waamini wanaomba sauti ya maombolezo ya Kisafwa iingizwe katika Misa ya Marehemu Wote mwezi Novemba. Wengine wanaogopa: wimbo ule, wanasema, uliimbwa penye matambiko, na atakayeusikia kanisani atakumbuka ya kule. Hofu hiyo siidharau. Sauti hubeba kumbukumbu kuliko jina linavyoweza kubeba, na neno Requiem juu ya jalada la albamu ni jepesi mno mbele ya sauti ambayo mama amemlilia nayo mwanawe.

Hata hivyo kasala nayo ilikuwa kilio cha msibani kabla ya kuwa "Bwana utuhurumie". Nimewaomba wazee wanaoujua wimbo huo waje Jumamosi, saa kumi jioni, wauimbe wote mbele ya kwaya na watueleze kila neno. Nami nitakuwapo.