Mbwa Asiyebanduka

Wahenga walinena kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Methali hii hufunzwa darasani kama onyo dhidi ya mazoea yanayovuka mipaka, na fasiri hiyo haina kosa. Hata hivyo, ipo sehemu yake ambayo aghalabu hupitwa bila kutazamwa. Mtendaji katika kauli hiyo si mbwa bali ni binadamu. Mbwa hakuingia msikitini kwa ukaidi. Aliingia kwa kuwa alichezewa, na akishachezewa hajui tena tofauti ya uani, sokoni na nyumba ya ibada. Kwake yeye, mahali pa kuwapo ni pale alipo bwana wake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Kishafi na chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kufuatwa na mbwa hadi msikitini si jambo dogo. Licha ya uzito huo, wahenga waliutua mzigo wa lawama begani pa yule aliyeanzisha mchezo.

Suala la mbwa asiyebanduka linastahili kutazamwa kwa jicho hilo la methali. Kiswahili kina tashbihi za aina mbili kwa viumbe walioshikamana. Zipo zile za sifa: chanda na pete, ulimi na mate. Zipo pia zile za karaha: kuganda kama kupe, kung'ang'ania kama ruba. Katika kundi la kwanza kila upande unamhitaji mwenzake. Katika kundi la pili mmoja hunyonya na mwingine hunyonywa. Je, mbwa anayemfuata mtu kutoka jikoni hadi mlango wa bafu, akalala juu ya viatu vyake na kulia akiachwa peke yake, yumo katika kundi lipi?

Jibu linaanzia katika historia ya aina za mbwa zenyewe, maana mapenzi haya hayakuota kama uyoga. Mathalani, yupo vizsla, mbwa wa Hungaria mwenye manyoya mafupi ya rangi ya kutu iliyochanganyika na dhahabu. Wawindaji walimkuza kwa kazi ya karibu: atangulie kidogo, anuse, asimame kimya akielekeza pua kule ndege alikojificha, kisha amletee bwana wake aliyepigwa. Mbwa aliyekimbia mbali akasahau kutazama nyuma hakuwa na faida, wala hakuchaguliwa kuzaa. Waliochaguliwa ni wale waliogeuka kila mara kuhakikisha kuwa mtu wao yungalipo. Vizazi vikapita, uwindaji ukawa mchezo wa wachache, lakini yale macho yanayogeuka yakabaki. Leo wafugaji wa Ulaya na Marekani humtania vizsla kwa kumlinganisha na ule utepe unaonatana katika viatu vya watoto.

Mwingine ni Cavalier King Charles spaniel, aliyerithi jina la Mfalme Charles wa Pili, mtawala wa Uingereza kuanzia 1660 hadi 1685, ambaye alijulikana kwa kupenda vijibwa vya spaniel. Kazi ya kijibwa hiki ni kukaa pajani. Mitindo ilipobadilika katika karne ya 19, wazalishaji walizifupisha pua za spaniel hao wadogo. Mwaka wa 1926 Mmarekani Roswell Eldridge akatoa zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya Crufts kwa atakayeleta spaniel mwenye pua ndefu kama wa zamani. Binadamu alitaka pua fupi, akapata. Akataka ndefu, akapata. Alitaka pia moyo usiojua kukaa mbali na watu, akaupata. Yapo ambayo hakuyataka na bado aliyapata: maradhi ya vali ya moyo, yanayowakumba wengi wa aina hii, na fuvu ambalo mara nyingi ni dogo mno kwa ubongo uliomo. Mwaka wa 2022 mahakama moja ya Oslo iliamua kwamba kuwazalisha jinsi walivyokuwa wakizalishwa kunakiuka sheria ya Norway ya ustawi wa wanyama, na mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikauafiki uamuzi huo.

Sayansi nayo ina la kusema. Mwaka wa 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kuwa mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Homoni hiyo ndiyo inayohusishwa na mshikamano wa mama na mtoto mchanga. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo. Aidha, mwaka wa 2022 jarida hilo hilo lilitoa utafiti wa Marekani uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ukabaini kuwa aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Hapa ndipo wauzaji wa vilebu wanapostahili kusikilizwa kwa tahadhari. Anayeahidi kwamba mbwa wa aina fulani lazima awe mwandani, na wa aina nyingine lazima awe mkali, anauza uwezekano mdogo kwa bei kubwa. Nasaba hutoa mwelekeo; mshikamano wenyewe hujengwa nyumbani, siku baada ya siku, na yule anayekuwapo.

Suala hilo la kuwapo ndilo kiini cha mambo hata jijini Nairobi. Katika mitaa ya majumba yenye nyua ndefu, German shepherd hununuliwa kwa ajili ya meno yake. Wachache hukumbuka kwamba Max von Stephanitz alipoianzisha rasmi aina hii nchini Ujerumani mwaka wa 1899, alimkusudia mbwa wa mchungaji: atembee na mtu kutwa nzima na kuisikiliza sauti yake. Mbwa wa namna hiyo hufungiwa kibandani mchana, akafunguliwa usiku, na aliyemnunua humwona kupitia kioo cha gari.

Katika ua mmoja wa aina hiyo alikuwapo bawabu wa usiku, mtu wa makamo kutoka magharibi mwa Kenya, aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi. Tajiri ndiye aliyelipia mbwa, chakula na chanjo. Bawabu hakulipa chochote. Alichokuwa nacho ni usiku mzima, redio ndogo, na tonge la ugali alilolimega mara mbili. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mbwa akawa hali mpaka aisikie redio ile. Bawabu akizunguka ua, naye huzunguka, ubavu wake ukiigusa suruali ya mtu wake. Kisha kampuni ikamhamishia bawabu kwenye lindo jingine kwa notisi ya siku moja. Mbwa akalala langoni, akagoma kula, akaukwaruza mlango wa kibanda cha bawabu hadi rangi ikabanduka. Tajiri akadhani ni ugonjwa, akamwita daktari wa mifugo. Daktari akapima, asione homa wala jeraha. Akauliza swali moja: "Huyu hukesha na nani?" Tajiri hakuwa na jibu. Mfanyakazi wa nyumba, aliyekuwa amesimama kando, ndiye aliyelitamka: "Samahani, bosi. Mbwa ni wako, lakini mwenyewe ameondoka."

Tajiri alipiga simu. Ilichukua wiki tatu bawabu kurudishwa, na kufikia wakati huo mbavu za mbwa zilikuwa zikihesabika. Mshahara wa bawabu haukuongezwa hata senti. Alirudishwa kwa ajili ya mbwa. Hakuna aliyeuliza kama yeye naye alikuwa amekonda.

Japani inamkumbuka mbwa mwingine aliyengoja. Hachiko, wa aina ya Akita, alizaliwa mwaka wa 1923 na kufugwa na Profesa Hidesaburo Ueno wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Alizoea kumlaki katika stesheni ya Shibuya. Profesa alifariki Mei 1925, lakini mbwa akaendelea kufika stesheni hadi alipokufa Machi 1935. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka wa 1934, ikayeyushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nyingine ikasimamishwa mwaka wa 1948. Lisilosimuliwa sana ni kwamba kabla ya gazeti kumwandika mwaka wa 1932, mbwa huyo alikuwa akifukuzwa na kusumbuliwa na baadhi ya watu wa stesheni ile ile. Jana alikuwa ruba, leo akawa pete. Mbwa mwenyewe hakubadilika. Yaliyobadilika ni macho ya waliomtazama. Machi 2015, miaka 80 baada ya kifo chake, sanamu nyingine ilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ikimwonyesha akimrukia profesa wake kwa furaha. Sanamu ya Shibuya humsifu mbwa kwa kungoja. Hii ya chuoni inaonyesha alichokuwa akikingojea.

Ni wazi basi kwamba swali la ruba na pete halijibiwi na mbwa. Hujibiwa na mtu. Mbwa anayelia, kutafuna mlango na kukojoa sakafuni kila anapoachwa hafanyi hivyo kwa kisasi, na kumchapa mwenyewe anaporejea hakumfunzi lolote ila hofu. Hufunzwa upweke kwa vipimo vidogo, dakika chache kwanza, kisha zaidi, hadi ajue kuwa anayeondoka hurudi. Kazi hiyo hudai muda, na muda ndicho kitu ambacho aliyelipia kilebu cha maelfu ya shilingi mara nyingi hana, ilhali aliyemegea mbwa tonge lake alikuwa nacho.

Kwa hivyo, anayetamani mbwa asiyebanduka asianze kwa kuuliza ni wa aina gani na ni bei gani. Na ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe atakuwapo; na ikiwa kazi hiyo atamwachia mwingine, amhesabu huyo mwingine kuwa mtu. Ukipenda boga, penda na ua lake.