Ramani ya Houston, Jirani wa Nakivale

Ndugu zetu waliotoka Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wakahamia Houston hukutana na herufi ngeni wanapotafuta nyumba: AE, V, X. Ni za ramani za mafuriko za FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu ya Marekani. AE ni eneo ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 au zaidi wa kufurika. Usiidharau hiyo asilimia moja: kwa miaka 30 ya mkopo wa nyumba hufika asilimia 26. V ni pwani inayopigwa na mawimbi. X ni hatari ya wastani au ndogo.

Ukikopa kununua nyumba iliyo AE au V, benki itakudai bima ya mafuriko. Ikiwa X, mara nyingi hakuna anayekuuliza, na watu huchukulia kwamba wamesalimika. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilifurisha nyumba zaidi ya 150,000 katika kaunti ya Harris, ilipo Houston, na zaidi ya nusu zilikuwa nje ya maeneo ya bima ya lazima. Herufi inakwambia nani anabanwa kulipa, maji hayaisomi.

Nakivale hupewi herufi. Ofisi ya makazi inakupimia kiwanja, unasimamisha miti na kukandika udongo. Habari za maji unazipata kwa jirani aliyekutangulia: mvua za Aprili hupitia hapa, nyanyua msingi, chimba mtaro upande wa juu. Usipomsikia, ukuta hulowa chini usiku kucha na asubuhi umelala. Atakuazima shitingi, lakini wa kukulipa hayupo. Mbarara, mji ulio jirani na Nakivale, sheria ipo: tangu mwaka 2000 mita 100 za kando ya mto Rwizi zimehifadhiwa. Hata hivyo migomba na matanuru ya matofali yameusogelea mto.

Kwa hiyo uliye Houston, tazama ramani kwa anwani yako, kisha muulize mkazi wa zamani wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Mpangaji naye ajue kwamba bima ya kawaida ya vitu vya ndani hailipi mafuriko. Ya mafuriko hukatwa peke yake, na mpango wa serikali hufidia vitu hadi dola 100,000. Kwa kawaida huanza siku 30 baada ya kulipia. Ukingoja kimbunga kipewe jina, umechelewa.