Foto nayo ni kazi

Sisi tunaofundisha watoto wa vijijini tunaulizwa mara nyingi na wazazi: «Walimu, foto ni mchezo tu. Itamlisha mtoto wangu?» Swali hili ni la haki. Tunalijibu kwa habari ya mtu wa kweli.

Martín Chambi alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Coaza, milimani mwa Peru, katika jamaa ya wakulima wasemao Kikechua, lugha ya wenyeji wa inchi ile. Baba yake alikwenda kwenye mgodi wa dhahabu, kama wengi wa baba zetu walivyokwenda kwenye shaba. Huko mtoto akaona wapiga picha wa kampani, akatamani kuijua kazi yao. Mwaka 1908 akaenda katika mji wa Arequipa, akajifunza kwa fundi Max T. Vargas. Akakaa kwake miaka mingi. Mwaka 1917 akafungua studio yake mwenyewe huko Sicuani, kisha akahamia Cuzco. Picha za arusi na za jamaa zilimlisha, tena aliuza kadi za posta. Lakini alipanda vijijini vilevile, akawapiga picha wakulima wenzake kwa heshima.

Mashine ilitoka mbali. Macho yalikuwa ya nyumbani.

Tena mwaka 1992, mtawa Carlota Duarte, wa shirika la Moyo Mtakatifu, alianza kufundisha foto kwa wenyeji wa Chiapas, Meksiko. Aliwaonyesha namna ya kutumia mashine, akawaachia wenyewe kuchagua cha kupiga. Maruch Sántiz Gómez, msichana wa kabila la Tzotzil, alichagua vitu vya kawaida vya nyumbani, na kando ya kila picha akaandika neno la wazee katika lugha yake. Mwaka 1998 picha zake zikatoka katika kitabu. Je, mgeni angaliyajua maneno hayo?

Ninyi vijana, leo simu yaweza kupiga picha, lakini simu haimfanyi mtu kuwa fundi. Jifunzeni mwanga. Ombeni ruhusa kwanza, kwa maana mtu anayekupa uso wake anakupa heshima yake. Toeni foto siku mliyoahidi, na kila franka iandikwe katika daftari.

Nanyi wazazi, mtoto akitaka kazi hii, mtafutieni fundi mwaminifu. Wageni wamepiga picha za vijiji vyetu tangu zamani, wakaenda nazo. Wajukuu wetu watataka kuona yale tuliyoyaona sisi.