Samansi ya mama mdogo

Wadau, kuna mmoja wenu kaniandikia kuuliza ile kesi ya mama mdogo na halmashauri iliishaje. Ni kweli niliahidi kusimulia, nikapotelea kwenye mitihani. Haya, leo niwalipe deni.

Mama mdogo alikuwa na saluni ya kusuka hapa Uingereza, fremu ndogo ya kupanga. Biashara ikayumba, akafunga tarehe 31 Julai 2022, akampa wakala funguo, akaenda kuajiriwa. Februari 2024 ananipigia simu usiku, sauti imebadilika: "Mwanangu, wananipeleka mahakamani." Halmashauri inamdai pauni 1,651 za kodi ya jengo la biashara, na gharama za samansi juu yake. Kumbe barua mbili za mwanzo zilikuja, akazitia kwenye droo. Alishatoka, zinamhusu nini?

Kilichoniuma ni hiki. Alipokuwa anafanya kazi mle ndani hakulipa hata senti, maana England jengo lenye thamani ya kikodi isiyozidi pauni 12,000, kama ndilo pekee unalofanyia biashara, linapata msamaha wote. La kwake lilikuwa 8,000. Lakini msamaha huo ni wa anayelitumia. Likiwa tupu unapewa miezi mitatu, halafu kodi inaanza kuhesabiwa nzima. Kwa hiyo walimdai Novemba 2022 hadi Machi 2023, miezi ambayo hakukanyaga pale!

Mimi nasoma uhasibu, sheria siijui. Nikajifanya mjuaji, nikaandika barua ndefu kwamba thamani ya 8,000 ni kubwa mno. Nikajibiwa kwa mistari miwili: mahakama hiyo haisikilizi ubishi wa thamani. Wiki nzima imepotea, na asaimenti yangu nayo ikachelewa.

Ndipo nikaisoma Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1988, nikaona swali lenyewe ni dogo tu. Jengo likiwa na mtu, anadaiwa anayelitumia. Likiwa tupu, anadaiwa mwenye haki ya kuingia na kulishika. (Nyumbani Tanzania, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mpangaji akinunua umeme ndiye anayekatwa ingawa mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Nako ugomvi haukosi.) Mkataba wa mama mdogo ulikuwa unaisha Machi 2023, basi halmashauri ikasema haki hiyo ilikuwa bado yake. Na kurudisha funguo peke yake hakumalizi mkataba, mpaka mwenye fremu akubali kuupokea.

Je, alikubali? Simuni hamna kitu, ile ya zamani ilishavunjika. Wakala anasema hakumbuki. Jumamosi moja tukakaa sakafuni na mfuko wa rambo uliojaa makaratasi, risiti za nywele bandia za tangu enzi hizo, mama mdogo akiishika moja moja na kunieleza mteja alikuwa nani. Nilitaka kumharakisha, nikaona nimwache.

Karatasi ya benki ikatokea: 19 Agosti 2022, dipoziti yake yote imerudishwa na mwenye fremu. Halafu jirani wa duka la simu akakubali kuandika kwamba Septemba mwenye fremu alibadilisha kitasa na kuingiza mafundi. Mtu anayerudisha dipoziti na kuvunja ukuta ndani amepokea fremu yake, au siyo?

Siku ya mahakama, Machi, nilidhani tutasimama mbele ya hakimu kama kwenye sinema. Wapi! Watu wamejaa kwenye korido, karibu wote wa kodi, na maofisa wa halmashauri wanawaita mmoja mmoja mezani. Dada mmoja akazisoma karatasi zetu, akarudia ile tarehe ya dipoziti, akaenda kuongea na mwenzake. Akarudi akasema wanamwondolea mama mdogo samansi pamoja na gharama, deni watamwandikia mwenye fremu. Dakika kumi hivi.

Nikamwomba atuandikie. Akaandika.

Kwenye basi mama mdogo alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na wale walioondoka bila karatasi?" Nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja na bahasha ambayo hata hakuwa ameifungua. Sikuwa na jibu, na mpaka leo namfikiria.