Tuliogopa Kukonda

Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya tisini tulifundishwa na makaburi kuogopa mwili mwembamba. Voi ni mji wa barabara kuu, malori ya Mombasa yalilala hapo, na ukimwi haukukawia kufika kwetu Mraru. Rais Moi alipoutangaza janga la taifa, Novemba 1999, tulikuwa tumeshazika wengi waliobaki mifupa. Aliyekonda akanong'onwa. Aliyerudi kutoka mjini na mashavu akaambiwa, "Mombasa imekukubali!" na mamake akatembea kifua mbele.

Watoto wetu wamekulia katika sifa hizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na wanaume 19. Nasikia watu wakilaumu ulafi na uvivu. Mimi sikubali.

Zamani tulishiba kimanga, kunde na mchicha wa shambani, na maji tuliyafuata kwa miguu. Siku hizi panda mtama uone: mvua ikikosea, ukame unaumaliza, ikinyesha vizuri, ndovu wa Tsavo wanauvuna kabla yako. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ni mbuga, tangu 1948. Basi mtu hununua. Na shilingi chache zinanunua nini? Unga mweupe, sukari, mafuta ya kupima. Mama muuza maandazi hula yaliyobaki, kwani atayatupa? Hata kutembea kumepungua tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008. Siwalaumu wa bodaboda; wamewafikisha wajawazito wengi hospitalini.

Ni kweli kwamba tafiti bado zinaonyesha wenye mali ndio wanaonenepa zaidi. Lakini maradhi hayawatendei sawa. Tajiri wa Nairobi mwenye kitambi ana bima, na kimashine cha kupima sukari kiko kando ya kitanda. Mama wa huku hugundua ana kisukari pale kidonda cha mguu kinapokataa kupona, kisha atafute nauli ya Voi, na dawa za kila mwezi maisha yake yote. Na katika boma hilohilo usishangae kukuta mtoto aliyedumaa: utafiti uleule ulikuta 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Wote wawili wanakula kutoka sufuria moja isiyo na mboga.

Wazee wenzangu, tuache kuwasifu mabinti kwa unene. Kaunti nayo izuie ndovu mashambani, na zahanati zisikose vifaa vya kupimia sukari. Nawe mama, ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi akupime na wewe: uzito, presha na sukari.