Barua kutoka Kadutu

Kadutu, Bukavu
Agosti 2018

Mjomba,

Uliniagiza niulizie habari za Padri Mulago, yule ambaye jina lake umekuwa ukikutana nalo kwenye tanbihi tu. Nimeuliza. Ni mzaliwa wa Birava, kando ya Ziwa Kivu, kaskazini ya hapa, mwaka 1924. Mwenyeji wangu, mzee wa Kishi anayeuza samaki wadogo waitwao sambaza katika soko la Kadutu, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kopo lake la kupimia: "Padri Mulago? Ule ni mutu ya Birava. Lakini vitabu yake yote iko mu Kifaransa." Akaendelea kupima.

Basi ndiyo hayo. Sisi tumekuzwa na maandishi ya Mbiti, na kile kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika ulikifundisha mpaka jalada likabanduka. Kumbe Mulago alishaandika tasnifu yake Roma mwaka 1955, akieleza jinsi Washi, Wanyarwanda na Warundi wanavyouelewa uhai: kwamba mtu hauishi peke yake, anaushiriki na waliomzaa, na waliokufa, na watakaozaliwa, hata na shamba na ng'ombe wa ukoo. Mwaka 1956 makala yake ikatoka Paris katika kitabu cha mapadri weusi, pamoja na ya Alexis Kagame, Mnyarwanda wa ng'ambo ya mto Ruzizi. Padri Tempels, Mbelgiji, alikuwa ameshaandika juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, ila yeye alikuwa mgeni akisimulia ya wenyeji. Mulago alisimulia ya kwao.

Baadaye alihamia Kinshasa, Chuo Kikuu cha Lovanium, akaongoza kituo cha utafiti wa dini za Kiafrika ambacho jarida lake lilianza kutoka mwaka 1967. Ukitafuta vitabu vyake, angalia majina mawili. Vile vya zamani vinamwita Vincent Mulago. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, akawa Mulago gwa Cikala Musharhamina. Wakutubi wengine humweka kama watu wawili, kila mmoja na rafu yake.

Makala ile ya 1956 ilihusu undugu wa kuchanjiana na kula pamoja. Alisema mila hizo mbili ni msingi ambao Ekaristi ingeweza kujengwa juu yake. Nilikuwa naiona ni hoja ya darasani tu, mpaka Jumamosi walipokuja wakwe nyumbani kwa jirani, huko juu Cimpunda, ambako nyumba zimepandana mlimani na viti vya plastiki havikai sawa. Kasiksi, pombe ya ndizi, ililetwa katika bidoni la njano. Baba wa binti akamimina kikombe, akaonja yeye kwanza mbele ya macho ya wote, kisha akampa mshenga wa upande wa pili, na kikombe hichohicho kikazunguka mpaka kwa vijana, ambao ungesema roho zao zilikuwa kwenye kreti ya bia ya Primus. Mahari ikahesabiwa kwa ng'ombe, ikalipwa kwa dola. Noti moja ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, na noti ya hivyo haipokelewi Kongo. Ikarudishwa. "Ile ng'ombe iko mugonjwa," mzee mmoja akasema, na kicheko kikatuliza ugomvi uliokuwa unanukia.

Hata hivyo, sikubaliani na Mulago katika yote. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliwakemea wasomi wanaowavika miungu ya Afrika mavazi ya Wagiriki, na kemeo hilo linamfikia padri wetu pia. Alipanda vilima hivi akitafuta mahali Kanisa lingeweza kukaa, na haishangazi kwamba alipapata. Nyamuzinda wa Washi, kwake, anaelekea kuwa Mungu wa katekisimu kirahisi mno. Yule baba wa binti aliyeonja pombe hakuwa akingoja sakramenti ije imkamilishie tendo lake. Alikuwa akiwaonyesha wageni kwamba hakuna sumu. Ninapomwamini Mulago zaidi ni alipoandika juu ya ibada ya Lyangombe, iliyo ya Washi na ya Wanyarwanda vilevile na ambayo wamisionari waliipiga vita. Lyangombe hakubali kuingizwa kwenye misa.

Vijana wa hapa hawamjui. Waulize mechi ya Muungano na Bukavu Dawa katika uwanja wa Concorde, watakusimulia mpaka usiku. Siwalaumu, nani amewapa kitabu?

Mpwa wa mwenyeji wangu anasoma Kinshasa, ameahidi kunitolea nakala ya makala ya Lyangombe. Nikiipata nitashuka nayo kwa njia ya Uvira. Wewe huko Kigoma usihangaike kutafuta mfasiri Dar es Salaam: kambini Nyarugusu wapo walimu kutoka Kivu wanaosoma Kifaransa na kujua vilima hivi kwa miguu. Tafuta mmoja, na umlipe vizuri.

Mpwa wako