Mia Mbili Hamsini na Sita

Mwaka jana nilichapa mtihani wa hesabu wa kidato cha pili, nikawaangusha watoto wa watu.

Swali la tano lilikuwa rahisi: mbili kwa kipeo cha tano, mara mbili kwa kipeo cha tatu. Jibu ni 256. Lakini nilinakili maswali kutoka faili moja hadi nyingine, vipeo vikashuka chini bila mimi kuona, na karatasi ikatoka imeandikwa 25 × 23. Darasa zima likajibu 575.

"Kijana wangu," mwalimu akanipigia, "ulisoma kabla ya kuchapa?"

"Nisamehe madam. Nilisoma."

Sikuwa nimesoma. Yeye ndiye aliyeitwa ofisini kujieleza, na hakunitaja. Kosa langu, jina lake.

Hilo la jina lilinikaa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kalamu. Kazi zangu nyingi hutoka na majina ya watu wengine. Najua vile inavyouma kusoma sentensi yako mwenyewe chini ya jina la mtu usiyemjua.

Basi nikaamua kumtengenezea madam kihariri cha hesabu: aguse simu yake, aone kipeo kimekaa juu palepale. Kuanza kutoka sifuri singeweza, kwa hivyo nikatafuta programu huria ya kujengea juu yake.

Nilianza na LyX. Imekomaa, ipo tangu 1995, lakini ni ya kompyuta ya mezani, na madam hana kompyuta. KaTeX ni nyepesi na ina kasi, ila kazi yake ni kuonyesha hesabu iliyokwisha kuandikwa, si kukusaidia kuiandika. MathQuill inakuruhusu kuandika ndani ya kivinjari na kuona umbo papo hapo, lakini inategemea jQuery, na kila mzigo wa ziada unakula bando. Mwisho nikafika kwa MathLive. Inakuja na kibodi yake ya hesabu kwenye skrini, na leseni yake ni MIT.

Rafiki yangu aliposikia MIT alicheka. "Bro, hiyo ni bure kabisa. Badilisha jina, uza kwa shule. Nani atajua?"

Ni kweli leseni hiyo inakuruhusu karibu kila kitu: kubadilisha, kuuza, hata kuficha msimbo wako. Sharti lake ni moja tu: usifute tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Mistari michache. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa, na nikaketi na mistari hiyo usiku mzima, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Kilichonizuia ni habari ya Donald Knuth. Mwaka wa 1977 aliona kurasa za majaribio za kitabu chake zimechapwa vibaya, akaudhika, akaanza kuunda programu yake ya kupanga hesabu, TeX. Akaiachia dunia bure. Hadi leo, vihariri vingi vya hesabu vinaelewa maandishi ya namna ile. Naye aliahidi kumlipa atakayemwonyesha kosa dola 2.56, kwa sababu senti 256 ni dola moja ukihesabu kwa msingi wa kumi na sita.

256. Jibu la swali langu la tano.

Huyu mtu alilipa ili aonyeshwe makosa yake. Mimi nilimdanganya madam kwa simu. Majina nikayaacha mahali pake.

Wiki jana nilimpelekea madam kihariri, nikamwambia pia ukweli kwamba siku ile sikuwa nimesoma. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika mbili, akaweka tano juu. Ikakaa. Akateremka hadi chini ya ukurasa.

"Na hawa ni kina nani?"

"Ndio waliojenga, madam. Mimi nimeongeza tu."

Akaendelea kubonyeza. Kabla chai haijapoa alikuwa amepata kosa: ukizungusha simu, kibodi inafunika swali. Sikuwa na dola za kumlipa. Nilimnunulia soda, nikarudi nyumbani kurekebisha.